Jina la Mtu wa Boda kwenye Risiti Yangu

Uvumilivu wangu uliishia kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Alupe, mchana wa Ijumaa, nikiwa nyuma ya pikipiki na televisheni mpya kifuani.

Nasema kifuani kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoibeba kutoka Busia. Katoni ilikuwa katikati yangu na mtu wa boda, nimeikumbatia kwa mikono miwili, shavu limelala juu ya kadibodi. Kila tuta tulilolipita nilikuwa nikijiinua kidogo ili mtikisiko uishie kwenye magoti yangu na usifike kwenye kioo. Inchi arobaini na tatu. Nilikuwa na ile furaha ya mtu anayetoka hospitalini na mtoto mzima.

Afande alitusimamisha. Hilo halikunishangaza. Kwenye barabara hii ya kwenda Malaba, ukionekana na TV lazima uulizwe imetoka upande gani wa mpaka.

"Mulembe, mama. Hiyo mzigo imetoka Uganda ama hapa kwetu?"

"Hapa kwetu, afande. Dukani Busia. Risiti ndiyo hii."

Nikamkabidhi kwa mkono mmoja, mwingine ukishikilia katoni. Akaifungua, akaisoma polepole, kisha akamwangalia mtu wa boda.

"Jina lako nani, boss?"

Mtu wa boda akataja jina lake. Afande akaangalia risiti tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaikunja vizuri, akampa yeye. Si mimi. Yeye.

"TV yako iko sawa, boss. Endesha pole pole, usiangushe mama."

Na mtu wa boda, mzee wa miaka hamsini na kitu ambaye hunibebea unga na mafuta kila wiki, akaitia risiti ya televisheni yangu kwenye mfuko wa jaketi lake la kung'aa, akasema, "Asante, afande," akawasha pikipiki.

Nilimwambia azime. Nikashuka nikiwa bado nimekumbatia katoni. Nikamwambia alete hiyo karatasi. Nikaisoma pale pale kando ya barabara. Aina ya televisheni, sawa. Namba ya mashine, sawa, hiyo nilikuwa nimeihakiki mwenyewe dukani. Chini yake, penye jina la mnunuzi, lilikuwa jina la mtu wa boda na namba ya simu ya mtu wa boda. Sikuwa nimeliangalia jina. Ni nani huangalia jina lake mwenyewe kwenye kitu alichokilipia?

"Mzee, geuza pikipiki."

"Twende wapi, mama chapo?"

"Dukani."

"Lakini afande amesema iko sawa."

"Imekuwa sawa kwako. Geuza."

Niliyosema baada ya hapo sitayaandika, kwa sababu binti yangu anajua kusoma. Afande mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. Yeye hakuwa na kosa lolote, alisoma alichoandikiwa.

Njiani mtu wa boda alijitetea akipigana na upepo.

"Mama chapo, kwani mimi niliomba? Ulikuwa umetoka nje. Yule mtu wa tai pale dukani akaniuliza, 'Boss, jina?' Nikasema. Mtu amekaa kwa kompyuta akikuuliza jina, si unajibu?"

"Na namba ya simu?"

"Pia aliuliza."

"Angekuuliza una watoto wangapi?"

"Ningesema saba."

Tukaenda kidogo. Halafu akasema, "Sasa niko na TV na nyumbani kwangu hata stima haijafika." Sikucheka. Ninacheka sasa, lakini siku ile sikucheka.

Mtu anaweza kudhani nilikasirikia karatasi tu. Hiyo ilikuwa televisheni ya pili katika nyumba yangu, na ya kwanza iliondoka kwa sababu ya karatasi kama hiyo.

Ya kwanza ilinunuliwa na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori. Anapita Malaba, anapita Uganda, anafika Juba, na kati ya safari moja na nyingine tunamwona kama tunavyoiona mvua ya Januari. Pesa zilitoka kwake kiasi na kwangu kiasi, lakini aliyekwenda dukani ni yeye. Baba yake alipofariki tukaenda nyumbani kwao, Sigalame, na ndugu zake wakasema tubebe TV ili watu wa matanga wapate kuangalia habari na mpira. Ni jambo la kawaida. Watu hukopesha msiba viti, sufuria, turubai, hata vitanda. Tukaibeba.

Baada ya mazishi viti vilirudi kwa wenyewe. Sufuria zilirudi, kila moja na rangi ya kucha iliyopakwa chini ili mwenyewe aitambue. TV haikurudi. Ilikuwa imeshatandikwa kitambaa sebuleni kwa mama mkwe na kuwekewa maua ya plastiki juu. Nilipouliza, shemeji yangu mkubwa alinijibu mbele ya watu wote waliokuwa wakinywa chai.

"Shemeji, hii TV ulinunua wewe?"

"Tulinunua."

"Risiti iko na jina la nani?"

"La mume wangu."

"Yaani la ndugu yangu. Basi iko kwao. Imefika nyumbani."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Usiku tulipobaki wawili akaniambia, "Achana nayo, mama watoto, tutanunua nyingine." Nikamwambia nyingine nitainunua mimi, na jina litakuwa langu, yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na siku ile shemeji atakapouliza tena nitamsomea herufi moja moja.

Kwa hiyo jueni nilichokuwa nimekikumbatia kwenye pikipiki.

Mimi ninapika chapati na maharagwe Malaba, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka. Dereva akikaa kwenye foleni asubuhi hadi jioni lazima ale, na akila kwangu mara moja, safari ijayo ananitafuta. Wa Kenya wananiita mama chapo. Waganda wananiita nyabo. Nina kidato cha nne na nilipata alama nzuri ya Kiswahili, na hakuna siku nimeona haya kukanda unga. Kutokana na unga huo nimelipa kodi ya nyumba na karo, na nimeingia kwenye chama cha wanawake wa soko letu.

Chama chetu hakigawi pesa mkononi, maana pesa ya mkononi hupata matatizo ya watu wengine kabla ya kufika nyumbani. Kinanunua kitu. Kila zamu ni ya mwanamke mmoja, na anaponunuliwa kitu chake wanachama wote huja nyumbani kwake Jumamosi kwa nyimbo, kitu kinawekwa katikati ya nyumba, na mweka hazina anasimama kuisoma risiti kwa sauti: kitu gani, kimenunuliwa duka la wapi, kwa jina la nani. Risiti isiposomwa chai hainywewi. Ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri, kwa sababu zamani kuna mtu alileta godoro la kuazima.

Shida ilikuwa moja. Kitu kilikuwa sufuria. Kikiwa si sufuria kilikuwa hotipoti, na kikiwa si hotipoti kilikuwa blanketi. Zamu yangu ilipofika mwenyekiti wetu, mama wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga na ambaye sauti yake inafika Tororo, alikuwa tayari amechagua hotipoti za saizi nne zinazoingiliana.

Nikasimama. "Mama mwenyekiti, nina hotipoti tatu. Nikifungia ndani yake hewa tu, itakuwa moto mpaka Krismasi. Mimi nataka TV."

Zikazuka kelele.

"TV ni ya mzee," mwenyekiti akasema. "Tukikununulia TV tumemnunulia bwanako."

"Bwanangu yuko Juba. Ataiangalia na macho gani?"

"Na akirudi? Si ataweka mpira, wewe utoke jikoni umletee maji?"

"Akirudi nitamwonyesha mahali maji yanakaa."

Walicheka, na nilijua wakicheka nimeshinda nusu. Nikawaambia chama kitoe kiasi kile kile cha hotipoti, kilichobaki nitaongeza mwenyewe kutoka kwenye chapati. Mama mmoja wa mitumba akasema na iandikwe kwamba zamu yake anataka friji. Mwenyekiti akasema dunia imeharibika. Halafu akapitisha.

Nilikwenda Busia Ijumaa, siku moja kabla ya wao kuja. Watoto niliwaacha na jirani. Mtu wa boda nilimchukua kutoka Malaba kwa sababu namwamini na mizigo, na kwa sababu anajua kunyamaza, au ndivyo nilivyodhani.

Kuchagua TV ni kazi, na niliifanya kama kazi. Dukani zilikuwa zimepangwa ukuta mzima, zote zikionyesha samaki wa rangi wakiogelea polepole, picha inayopendeza hata kwenye TV mbovu. Muuzaji, mwenye tai nyekundu, alitaka niangalie samaki. Nikatoa flashi yangu. Ndani yake kulikuwa na video ya darasa la binti yangu wakiimba shuleni, watoto weusi waliovaa sweta za kijani, ndani ya chumba chenye giza kidogo.

"Weka hii."

"Mama, hii picha imechukuliwa na simu, haitakuwa nzuri."

"Ndiyo maana nataka uiweke."

Akaiweka kwenye moja, nyuso za watoto zikawa kama mkaa wenye meno. Kwenye nyingine sweta zikawa bluu. Ya tatu ikamwonyesha binti yangu kama alivyo, na kovu lake dogo juu ya nyusi. Nikasema hii. Nikauliza ina king'amuzi ndani au nitanunua kando, na inashika stesheni za Kenya bila shida, maana Malaba ukigeuza antena kidogo tu unaangalia habari za Kampala. Akanijibu vizuri, simkatalii. Nikalipa. Kwa simu yangu, ujumbe ukaingia kwa jina langu.

Nikamwambia mpya nitakayobeba ifunguliwe katoni. Hapa mpakani tumesikia mengi kuhusu katoni zilizofungwa vizuri na kukutwa na tofali ndani. Akafungua. Nikahakiki namba ya mashine na ile ya kwenye katoni. Halafu nikamwambia aweke mtu anayeongea, si muziki, aongeze sauti hadi nitakaponyoosha mkono. Nikatoka nje, nikavuka barabara, nikasimama nyuma ya lori lililokuwa linanguruma.

Watu walinishangaa, lakini nyuma ya lori ndiko mimi ninakoishi. Nyumba yangu iko mita chache kutoka kwenye foleni ya malori, injini hazizimwi. TV ambayo huwezi kusikia maneno yake nyuma ya lori, kwangu ni picha tu ya ukutani. Nilisimama pale, nikamsikia mtangazaji akitamka kila neno mpaka mwisho wa sentensi, nikanyoosha mkono. Nilijisikia mrefu. Wanaume wawili waliokuwa wakinunua redio walinifuata nje nao wakajaribu yao.

Na wakati huo huo, nikiwa nyuma ya lori nikisikiliza, mtu wa tai alikuwa ndani akimuuliza mtu wa boda jina.

Tuliporudi dukani niliiweka katoni juu ya kaunta. Niliweka na risiti juu yake.

"Hili jina ni la nani?"

Muuzaji akaangalia, akamwangalia mtu wa boda, akatabasamu. "Si ni la mzee?"

"Mzee gani?"

"Mzee wako. Huyu."

Mtu wa boda akainua mikono kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. "Mimi? Boss, mimi naendesha tu. Bibi yangu akisikia hiyo maneno nitalala kwa pikipiki."

"Pole, mama," muuzaji akasema. "Nilidhani. Lakini si TV ni ile ile? Jina ni jina tu."

"Kama jina ni jina tu, andika langu."

"Kompyuta imeshafunga. Ikishachapisha haibadilishwi."

"Kwa nini hukuniuliza? Nani alichagua? Nani alilipa? Ile flashi ilikuwa ya nani?"

Hapo ndipo aliposema. Na alisema bila ubaya, kama mtu anayenieleza bei ya kitu.

"Mama, sisi hapa vitu za jikoni tunaandika mama. Vitu za sitting room tunaandika mzee. Ndio tumezoea. Ungekuwa umenunua jiko ya gesi singeuliza mtu, ningekuandika wewe."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nilitaka niwe na uhakika kwamba nimesikia, kwa sababu mpaka siku hiyo nilidhani shemeji yangu ndiye mjinga, na sasa naambiwa kwamba hata duka lenye vioo na kompyuta linafikiri kama shemeji yangu.

Nikaomba meneja. Meneja akaja akifuta mdomo, mtu mnene mpole, akaisikiliza hadithi yote, akaniambia nisiwe na hasira. Akasema atanipa braketi ya kuitundika ukutani, bure kabisa.

"Braketi nitachukua," nikamwambia. "Jina kwanza."

"Mama, kubadilisha inahitaji ruhusa kutoka juu. Jumatatu."

"Kesho chama changu kinakuja kusomewa risiti. Unataka nisimame mbele ya wanawake wote wa soko, lisomwe jina la mtu wa boda? Unajua Malaba wewe? Jumapili itakuwa nimeshaolewa naye."

"Watoto wangu saba watamtosha?" mtu wa boda akauliza kutoka mlangoni, na wateja wakacheka. Nikamwambia anyamaze. Nikakaa juu ya kiti cha wateja, nikaweka mkoba mapajani, nikawaambia mimi sina haraka, unga wa leo nimeshaukanda.

Nikakaa. Wateja waliingia, na kila aliyeuliza kwa nini nimekaa nilimwambia. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kununua TV na mumewe alimshika mumewe mkono, akamwambia, "Wacha tusikie kwanza." Meneja akaanza kutokwa na jasho.

"Sawa," akasema. "Basi tumwandike mzee wako, yule wa kweli. Mpigie simu, tuongee naye."

Nilitaka kukataa. Lakini nikajua mume wangu, na nikataka wamsikie. Nikampigia, nikaweka spika. Kulikuwa na kelele ya injini na watu wakibishana kwa Kiarabu.

Meneja akajieleza: mama yuko hapa, amenunua TV, kuna shida kidogo ya jina, je, tuandike jina lako?

"Jina langu la nini?" mume wangu akauliza. "Mimi hata sijui ni inchi ngapi. Iko hapo na mwenyewe, au siyo? Andikeni huyo anayewapigia kelele. Na boss, mwandikeni haraka, mimi namjua, atalala hapo."

Nilimpenda mume wangu wakati ule kuliko siku ya harusi. Aliyeangalia viatu vyake Sigalame alikuwa amejifunza kitu mahali fulani kati ya hapo na Juba.

Lakini tazama kilichotokea. Meneja akasema, "Asante sana, mzee." Akamwashiria mtu wa tai. Mtu wa tai akabonyeza vidude vyake, na kabla sijarudisha simu mkobani, mashine ikaanza kutoa risiti mpya. Kompyuta ambayo ilikuwa imefunga ikafunguka. Ruhusa ya Jumatatu ikapatikana Ijumaa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao na kitambulisho changu na ujumbe wa malipo, nikaonekana kelele. Mwanamume aliye Sudan Kusini, ambaye hawajawahi kumwona, akasema sentensi chache kwa simu yenye mikwaruzo, akaonekana idhini.

Nilisoma risiti. Majina yangu matatu, bila kosa. Nikachukua na braketi.

Jumamosi walikuja wakiimba tangu barabarani, hata madereva wakashuka kwenye malori kuangalia. TV ilikuwa ukutani, nimeifunika kanga. Mweka hazina akasimama, akasafisha koo, akasoma: televisheni, inchi arobaini na tatu, duka la Busia. Halafu akasoma majina yangu matatu, moja baada ya jingine, na nyumba yangu ndogo ikajaa vigelegele hadi mtoto mdogo akaanza kulia. Sioni haya kusema kwamba nilisimama wima kama askari anayepewa nishani. Binti yangu aliivuta kanga. Nikawasha. Lori lilikuwa linanguruma nje kama kawaida, na mtangazaji alisikika neno kwa neno.

Wakati wa chai niliwasimulia mambo ya Busia yote, mtu wa boda, mtu wa tai, vitu vya jikoni na vitu vya sebuleni. Walicheka sana kwenye wale watoto saba. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Friza yangu ya samaki," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata mlangoni. "Mimi ndio nililipa. Shemeji ya marehemu mzee wangu alikuja kunisaidia kubeba. Jina kwenye karatasi ni lake. Mwaka jana alikuja akaniambia nimpe friza yake."

"Ukampa?" nikauliza.

"Alinikodishia. Yaani mimi ndio ninamlipa. Kila mwezi. Kwa friza yangu."

Halafu mama wa mitumba akasema kwake ni cherehani, iko kwa jina la kaka yake. Mwingine akasema hajui, hajawahi kuangalia, akaweka kikombe chini na kwenda nyumbani kuangalia, na hakurudi kunywa chai yake.

Mimi nilikuwa na TV yangu na risiti yangu. Ningeweza kukaa. Mume wangu aliniambia hivyo kwa simu jioni ile: umeshinda, mama watoto, angalia TV. Nikaangalia, lakini sikuona nilichokuwa nakiangalia. Nilikuwa namwona mwenyekiti, mwanamke ambaye soko zima linamwogopa, akimlipa mtu kodi ya friza yake mwenyewe kwa sababu kuna mtu wa tai mahali fulani aliyeuliza, "Boss, jina?"

Jumapili baada ya kanisa nikatoa daftari la binti yangu, nikaandika. Nilifundishwa barua rasmi kidato cha pili na sikuwahi kuitumia. Jumatatu asubuhi nilimwachia jirani chapati, nikarudi Busia, nikaipeleka nakala moja dukani mikononi mwa meneja na nyingine kwenye ofisi ya kaunti inayoshughulikia mambo ya biashara. Dada wa mapokezi aliisoma, akaisoma tena.

"Umeiandika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ngoja nikupigie muhuri hata kwenye yako," akasema, akaupiga kwa nguvu. Nainakili hapa kama ilivyo.

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA DUKA LINALOANDIKA WANUNUZI KWA KUKISIA

Bwana/Bibi,

Mimi ni mkazi wa Malaba, mfanyabiashara wa chakula, mama wa watoto wawili. Siku ya Ijumaa nilinunua televisheni katika duka lililotajwa kwenye risiti nilizoambatisha. Nilichagua mwenyewe na kulipa mwenyewe. Muuzaji alimwandika mwendesha pikipiki aliyekuja kunibebea mzigo kuwa ndiye mnunuzi, bila kuniuliza, kwa maelezo kwamba vitu vya sebuleni huandikwa kwa jina la mwanamume.

Nilipodai jina langu niliambiwa haiwezekani mpaka Jumatatu. Mume wangu alipozungumza kwa simu iliwezekana papo hapo. Kwa hiyo naeleza wazi kwamba silalamikii kosa la kompyuta. Kompyuta ilikuwa nzima.

Silalamiki kwa ajili ya televisheni, kwa kuwa sasa ni yangu na imeandikwa hivyo. Nalalamika kwa sababu wako wanawake katika soko letu wanaonyang'anywa vitu walivyovilipia, au kulipishwa kwa ajili ya kuvitumia, kwa ushahidi wa risiti zilizoandikwa namna hii, na wengi hawajui mpaka siku ya kugombana.

Naomba duka lichunguzwe. Naomba liamriwe kumwandika mtu aliyelipa, baada ya kumwangalia kitambulisho, awe amenunua sufuria au televisheni. Naomba pia mnunuzi yeyote wa zamani atakayerudi na uthibitisho wa malipo yake abadilishiwe risiti bila kuulizwa mume wake yuko wapi. Mwenyekiti wa chama chetu atakuwa wa kwanza, na nitamsindikiza.

Nitasubiri jibu kwa maandishi. Nisipolipata nitarudi kulifuata mwenyewe, na ninajua kukaa.